Nenda Patandi, mdogo wangu

Juzi mwalimu mmoja wa shule ya msingi kaniandikia: "Dada, nimepata nafasi Chuo cha Ualimu Patandi nikasomee elimu maalumu, upande wa ulemavu wa akili. Wenzangu wananiambia nitaozea kwenye kitengo, yaani darasa la watoto wenye ulemavu. Niende?"

Nenda. Mimi niliambiwa makali kuliko hayo, tena na mwalimu tuliyekaa meza moja ofisini: "Unakwenda kusomea kufuta watoto makamasi?" Maneno yale bado yananiuma.

Kabla ya kwenda kusoma hapo Patandi, kule Tengeru, Arusha, nilikuwa nimeshafundisha kitengo mwaka mzima bila mafunzo yoyote. Nilijiona nina moyo, basi. Darasani nilikuwa na binti mwenye mtindio wa ubongo; mikono ilimkakamaa, maneno yakimtoka kwa shida. Nikampa kazi ya kupanga vizibo vya soda kwa rangi. Mwaka mzima, vizibo! Chuoni ndipo nikajua kwamba mtindio wa ubongo hugusa misuli na mwendo, na wapo wengi wenye hali hiyo ambao akili zao ni nzima kabisa. Nilimkumbuka alivyokuwa akinitazama kila nikimwaga vile vizibo mezani. Usiku ule sikulala. Niliporudi shuleni, familia yao ilikuwa imeshahama.

Ndiyo maana nakwambia huruma bila ujuzi inaumiza mtoto.

Kitu kingine nilichojifunza ni kuvunja kazi vipande vipande, na mara nyingine kuanzia mwisho. Kijana wangu mmoja mwenye ulemavu wa akili alishindwa kufunga vifungo vya shati muhula mzima, nami nikimfokea. Niliporudi nilifunga vyote mwenyewe, cha mwisho nikakipitisha nusu tunduni, yeye akakivuta. Akaona shati limefungwa kwa mkono wake! Alipokizoea hicho nikamwachia viwili, kisha vitatu. Siku alipokuja amevaa mwenyewe, mama yake alisimama mlangoni akishindwa hata kunisalimia.

Soma, mwalimu. Uliza, rudia, kaa na wazazi, usione aibu kusema hujui. Watoto hawa wana haki ya kufundishwa na mtu aliyesomea kazi yake, kama mgonjwa anavyotaka daktari aliyesoma. Fomu ijaze wiki hii. Na hao wanaokucheka, waalike siku moja wakae kitengoni tangu asubuhi mpaka saa sita.