Masta iko nusu, mbona spika zinakwaruza?

Mkuu, kama masta (nobu ya sauti yote inayotoka kwenye mixa ya DJ) iko nusu na bado spika zinakwaruza, angalia kwanza trimu ya chaneli, yaani nobu inayopima nguvu ya sauti inapoingia kwenye mixa. Sauti ikishapasuka pale, kushusha masta kunapunguza ukubwa wake tu; mikwaruzo inabaki.

Zima amplifaya. Weka besi, kati na treble katikati, fada ya chaneli (kile kitelezi cha sauti) juu kabisa. Cheza sehemu nzito ya wimbo, si utangulizi, kisha pandisha trimu hadi taa za kipimo cha sauti zichezee 0 dB. Nyekundu isiwake kabisa! Taa za masta nazo zifike hapohapo. Sasa washa amplifaya nobu zake zikiwa chini, uzipandishe taratibu mpaka sauti itoshe ukumbini.

Nyimbo nyingi za zamani zina sauti ndogo, hivyo rekebisha trimu kila wimbo. Ukiongeza besi, shusha trimu kidogo.