Nukta ya 1..5 ni ya nani? Ushauri kwa anayeandika maelezo ya lugha ya programu

Niliwahi kuandika maelezo ya lugha ndogo ya programu, na sehemu ya namba niliimaliza haraka sana, nikaandika tu kwamba desimali ni tarakimu, nukta, halafu tarakimu zingine kama zipo. Mwenzangu akayachukua akaandika parsa yake (programu inayosoma msimbo na kuuchambua) bila kuangalia ya kwetu, ikagoma kwenye 1..5. Sisi tulimaanisha kuanzia 1 mpaka 5, yake ikasoma 1. kwanza alafu ikakuta nukta imebaki peke yake. Na ukifuata nilichoandika, yeye ndo alikua sahihi.

Shida ni kwamba leksa, ile sehemu inayokata msimbo vipande vipande, kwa kawaida inameza herufi nyingi kadiri inavyoweza. Ndo maana kwenye JavaScript 1.toString() inaleta erori, nukta imeshamezwa na namba, lakini 1..toString() inapita. Rust inaangalia mbele kwanza, ikiona nukta nyingine au jina basi nukta ile haihesabiwi kua ya namba. Sisi tukaamua nukta lazima ifuatwe na tarakimu, basi, 1. peke yake ni kosa, na mimi bado naona hiyo ndo sheria rahisi kuielezea.

Sifuri ya mwanzo nayo usiiache hewani. Kwenye C 010 ni 8, maana sifuri ya mwanzo inaifanya oktali (namba ya msingi wa nane), kwa hiyo mtu akipanga 001, 010, 100 ili zikae sawa kwenye safu anapata 1, 8 na 100 na hakuna kinachomwonya. Python 2 ilikua hivyohivyo, Python 3 ikakataa kabisa, oktali unaandika 0o10. Kama lugha bado changa ikatae tu mapema.

Alama ya kutoa pia sema kama ni sehemu ya namba au ni opereta, maana Python inatoa -4 kwa -2**2 (** ni kipeo) na kuna watu wanategemea 4.

Kwahiyo usiishie kwenye maneno, kila sheria iwekee mifano inayokubalika na inayokataliwa, na uonyeshe imekatwa tokeni (vipande) ngapi: 1..5 ni tatu, yaani 1, nukta mbili, na 5. Alafu hiyo mifano iendeshe kwenye kompaila yenyewe kila inapobadilika. Yetu tulipoiendesha mara ya kwanza, mitatu ilitoa jibu tofauti na nilichoandika.