Maswali ya Wasomaji: Je, Mimea Inaweza Kuzuia Chawa Katika Viota vya Njiwa?

SWALI: Ndugu Mshauri, pokea salamu zangu. Ninafuga njiwa katika banda la mbao lenye vyumba vya kutagia. Kwa majuma kadhaa sasa wazazi wamekuwa wakijichokora manyoya mchana kutwa, manyoya ya mabawa yao yana vitundu vidogo, na makinda waliototolewa karibuni wamedhoofu huku ngozi yao ikiwa imepauka. Sipendi kutumia dawa za viwandani karibu na mayai na makinda. Wenzangu wamenishauri niweke majani ya mwarobaini katika viota, wengine wamenitajia mabua ya tumbaku, na mmoja amesisitiza majivu. Naomba unieleze ni kipi kinachofaa, kinatumiwaje, na kama kinaweza kuwadhuru makinda.

JIBU: Ndugu msomaji, barua yako ina dalili za wadudu wa aina mbili, na ni lazima tuwatenganishe kabla ya kuchagua mmea, kwa sababu mmea uliowekwa kiotani humfikia mdudu anayeishi kiotani, na si kila mdudu anayemsumbua njiwa anaishi humo. Vitundu ulivyoviona katika mabawa ni kazi ya chawa. Kupauka kwa makinda hakutokani na chawa hao, kwa kuwa chawa wa bawa wa njiwa hawanyonyi damu. Wao hutafuna vinyoya laini vilivyo karibu na ngozi pamoja na magamba ya ngozi yenyewe.

Chawa wa bawa, ambaye wataalamu humwita Columbicola columbae, ni mwembamba, ana urefu wa milimita 2 hadi 3, na hujilaza katikati ya nyuzi za unyoya kiasi kwamba huwezi kumwona mpaka ulikunjue bawa na kulielekeza penye mwanga. Maisha yake yote hupita juu ya mwili wa njiwa. Mayai yake hugandishwa kwenye manyoya na kuanguliwa hapo hapo, na kutoka yai hadi chawa mzima hupita takriban wiki 3 hadi 4. Akidondoka kiotani na kukosa njiwa wa kumpanda, hufa baada ya siku chache.

Anayewapausha makinda ni mnyonya damu, na hapo washukiwa ni wawili. Wa kwanza ni utitiri mwekundu, ambaye mchana hujificha katika nyufa za mbao na chini ya takataka za kiota, kisha usiku hutoka kunyonya. Anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula, ndiyo maana chumba kilichoachwa kitupu kwa muda si lazima kiwe salama. Wa pili ni nzi wa njiwa, mdudu bapa mwenye rangi ya kahawia anayekimbia kati ya manyoya, na ambaye huacha kiotani vidonge vyeusi vinavyong'aa, vidogo mfano wa mbegu, ambamo nzi mpya hukua kwa karibu mwezi mmoja. Nzi huyu hueneza kijidudu cha damu kiitwacho Haemoproteus. Zaidi ya hayo, chawa wa bawa humng'ang'ania miguuni na kusafiri naye hadi kwa njiwa mwingine. Kwa hiyo kiota kinacholea nzi husaidia kusambaza chawa, ingawa chawa wenyewe hawazaliani ndani yake, na hapo ndipo mmea wa kiotani unapopata nafasi yake halisi.

Naomba leo usiku uingie bandani ukiwa na tochi na karatasi nyeupe. Ikandamize karatasi hiyo kwenye viungo vya mbao na chini ya bakuli la kiota. Ukiona madoa mekundu, hao ni utitiri walioshiba damu. Asubuhi, pekua takataka za kiota utafute vile vidonge vyeusi. Majibu ya ukaguzi huo ndiyo yatakayokuonyesha mahali pa kuelekeza nguvu zako.

Sasa tuje kwenye mimea uliyoitaja, na nianze na tumbaku kwa kuwa ndiyo yenye historia ndefu zaidi katika mabanda ya njiwa. Wafugaji wengi wametumia mabua makavu ya tumbaku kama vifaa vya kujengea viota, na jambo hilo lina msingi, kwa kuwa nikotini ni sumu ya mishipa ya fahamu ya wadudu. Utafiti uliofanywa Mexico City na kuchapishwa mwaka 2012 uligundua kwamba viota vya shomoro na ndege wengine wa mjini vilivyokuwa na nyuzi nyingi zaidi za vichungi vya sigara zilizovutwa vilikuwa na wadudu wachache zaidi. Lakini uchunguzi uliofuata ulionyesha madhara katika chembe za damu za ndege hao, na ndiyo sababu ninakusihi utumie mabua peke yake, ambayo yana nikotini kidogo kuliko majani, wala usiweke majani, vumbi la tumbaku au vichungi vya sigara.

Namna ya kuyatumia ni rahisi. Kata mabua makavu yasiyo na ukungu katika vipande vya urefu wa sentimita 10 hadi 15, kisha uyatawanye sakafuni pamoja na vijiti vya kawaida na nyasi kavu. Dume ndiye anayeokota kijiti kimoja baada ya kingine na kumpelekea jike, naye jike hukipanga chini yake. Ukiwaachia wachague wenyewe, kiota kitakuwa na mchanganyiko wa vitu, na mabua ya tumbaku hayatakuwa ndiyo godoro lote ambalo kinda asiye na manyoya atalalia. Nawa mikono baada ya kuyashika, na uyaweke mbali na watoto. Maji yaliyolowekwa tumbaku usimwogeshe njiwa kamwe, kwa maana nikotini hupenya ngozi na inaweza kumuua kwa muda mfupi.

Mwarobaini hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Kiini chake kikuu, azadiraktini, huwafanya wadudu wapoteze hamu ya kula na huvuruga hatua ya kujivua gamba, hivyo mdudu mchanga hafi leo wala kesho, bali hushindwa kukua. Anayetarajia kuona wadudu wamekufa asubuhi inayofuata atauona mmea huu kuwa hauna maana, na atakuwa ameuonea. Kausha majani kivulini, kwa sababu mwanga mkali wa jua hukiharibu kiini hicho, kisha utandaze tabaka jembamba chini ya vifaa vya kiota na ulibadilishe kila unaposafisha. Usiweke majani mabichi kwa wingi: unyevu wake pamoja na kinyesi huzaa ukungu, na ukungu ukiingia katika mapafu na mifuko ya hewa ya njiwa huleta ugonjwa ulio mbaya kuliko chawa. Mafuta ya mwarobaini yanafaa kupakwa kwa brashi katika nyufa za mbao za chumba kilicho kitupu, yakaachwa yakauke, lakini yasiguse mayai. Ganda la yai lina vitundu ambavyo kinda hupumulia, na mafuta huviziba.

Mmea ambao hukuutaja, nao ndio ninaouamini zaidi dhidi ya chawa wenyewe, ni pareto. Unga wa maua yake makavu hupakwa juu ya njiwa mahali chawa walipo, yaani chini ya mabawa, kifuani na kuzunguka shina la mkia, huku macho na mdomo vikikingwa. Kwa kuwa unga huo hauyaui mayai, rudia baada ya siku 10 hadi 14 ili kuwapata walioanguliwa baada ya mara ya kwanza. Fanya hivyo kwa wazazi kabla hawajataga, na usiwapake makinda walio uchi. Nguvu ya pareto hupotea upesi kwenye mwanga na hewa, basi ihifadhi katika chombo kilichofungwa vizuri, gizani, na mbali na nyuki na mabwawa ya samaki, ambao huuawa nayo. Ukinunua unga ulio tayari, soma maandishi yake kwa makini, kwa kuwa mingi huchanganywa na kemikali nyingine ambazo wewe umesema huzitaki.

Majivu siyapendekezi. Kuku huoga vumbi, lakini njiwa kwa asili ni ndege wa kuoga maji, na majivu huwasha macho na koo lake, tena yakilowa huwa makali kwa ngozi ya kinda. Mpe badala yake beseni lenye maji safi ya kina cha sentimita 10 hivi, mara 1 au 2 kwa wiki, asubuhi, ili akauke kabla ya jioni, kisha uyamwage maji hayo. Usiyatie majani yoyote, kwa sababu njiwa huyanywa maji anayoogea. Angalia pia mdomo wake. Ncha ndogo ya mdomo wa juu inayozidi ule wa chini ndiyo kifaa chake kikuu cha kuwaponda chawa, na njiwa ambaye ncha hiyo imevunjika au imekatwa huelemewa na chawa hata kama kiota chake kina mimea yote niliyoitaja.

Mimea yenye harufu kama kivumbasi, mchaichai na mnanaa inaweza kuongezwa ikiwa mikavu, lakini usiitegemee peke yake. Kwezi wa Ulaya husuka majani mabichi yenye harufu katika viota vyao, na watafiti waliowachunguza wameona nyakati fulani makinda wakiwa na afya njema zaidi bila idadi ya wadudu kupungua.

Kwa banda lako, ningeanza na usafi. Njiwa hawaondoi kinyesi cha makinda kiotani, na takataka hizo ndizo makazi ya utitiri na nzi. Ondoa kila kitu katika chumba ambacho makinda wameshatoka, mimina maji yanayochemka katika nyufa, yaache yakauke, kisha upake chokaa. Makinda walio kiotani sasa, wabadilishie vifaa vya kiota wakiwa na umri wa siku 8 hadi 10 na tena kabla ya wiki 3, ili vidonge vya nzi viondolewe kabla ya kupasuka. Mabua na majani yawekwe baada ya hapo. Kinda aliyepauka sana na asiyeomba chakula amepoteza damu nyingi, naye anahitaji daktari wa mifugo, si mmea.

SWALI: Je, naweza kuchoma majani ya mkaratusi ndani ya banda ili moshi uwafukuze chawa?

JIBU: Hapana, tafadhali. Mfumo wa kupumua wa ndege una mifuko ya hewa inayoenea mwilini, nao huumizwa na moshi mapema kuliko wetu, huku chawa aliyejibana ndani ya unyoya akisalimika. Mafuta makali ya mkaratusi pia yasipuliziwe ndege. Majani makavu machache chini ya kiota yanatosha.

SWALI: Baada ya kusafisha viota ninawashwa mikononi. Je, chawa wa njiwa wamenihamia?

JIBU: Chawa wa njiwa hawawezi kuishi juu ya mwili wa binadamu, hata akikutembelea mkononi, atakufa bila kuzaliana. Utitiri mwekundu, hata hivyo, humuuma mtu na kumwachia vipele vinavyowasha, na nzi wa njiwa naye huweza kuuma. Kuwashwa kwako kunaelekea kuwa ishara kwamba utitiri wamo ndani ya mbao za banda. Vaa glavu na barakoa unaposafisha, fua nguo zako kwa maji ya moto mara umalizapo, na ukague nyufa za banda usiku kwa karatasi nyeupe kama nilivyoeleza hapo juu.