Siku ya Mapumziko Mjini Moshi Si Siku ya Kutalii

Mara ya kwanza nilipoendesha baiskeli kutoka Mombasa kwenda Dodoma, niliingia Moshi siku ya tano, na kwa kuwa nilikuwa nimepanga kulala pale siku mbili, nikaona ni dhambi kukaa chini ya Mlima Kilimanjaro bila kutembea. Asubuhi ya mapumziko nikaenda kwa miguu hadi maporomoko ya Materuni, nikarudi jioni magoti yakiniwaka moto. Kesho yake, kwenye mwinuko unaofuata daraja la Kikafu, kabla hata ya kufika Boma Ng'ombe, nikashuka na kuisukuma baiskeli huku watoto wa shule wakinipita na kunipa pole. Mwaka uliofuata nilipita njia ile ile, na siku ya mapumziko sikwenda mbali kuliko sokoni.

Mapumziko huanza jana yake. Siku hizi nikifika ninafua kwanza, kabla ya kuoga wala kula, kwa sababu kaptula ya baiskeli yenye pedi nene hukauka polepole, na ukiivaa ikiwa na unyevu utapata vidonda vya makalio ambavyo haviponi ukiwa bado juu ya tandiko. Mchana kutwa wa mapumziko mimi hujifunga kikoi. Huko bara mwanamume aliyejifunga kikoi barabarani hutazamwa mara mbili, lakini ngozi iliyobanwa siku tano inahitaji hewa kuliko mimi ninavyohitaji heshima.

Usishangae njaa ikikuzidi siku ambayo hukuendesha kabisa, kwani misuli inarudisha akiba yake ya wanga, na kazi hiyo huchukua takriban siku nzima. Moshi imejaliwa chakula kinachofaa hasa kwa jambo hilo, nacho ni mtori, yaani ndizi zilizopikwa na nyama mpaka zikapondeka na kuwa supu nzito. Mimi nilikula bakuli mbili kabla ya saa nne asubuhi. Hapo nilijifunza pia adabu ya mji, maana niliketi na kusema kama nisemavyo nyumbani, "Nipe mtori," na mama lishe akanyamaza kana kwamba hakusikia. Mzee aliyekuwa kando yangu akaninong'oneza, "Sema naomba, mwanangu." Nilipoanza upya kwa shikamoo na naomba, niliongezewa kipande cha nyama ambacho sikukiagiza.

Baada ya kula, ipeleke baiskeli kwa fundi hata kama unajiona fundi. Safari ile ya pili nilikuwa nimepata pancha tatu kati ya Mariakani na Voi, zote kwenye gurudumu la nyuma, na kila mara nikiziba tyubu na kuendelea. Fundi mmoja karibu na Soko la Mbuyuni aliivua tairi na wala hakuigusa tyubu. Alichukua kipande cha soksi kuukuu, akakipitisha taratibu upande wa ndani wa tairi, mpaka nyuzi zikanasa mahali pamoja. Akaingiza koleo na kuchomoa kiwaya chembamba kama unywele, kifupi kuliko punje ya mchele, cha aina inayomwagika barabarani tairi za malori zinapopasuka. "Ulikuwa unaziba tyubu, kaka," akaniambia, "na adui umemwacha ndani." Tangu siku hiyo mfuko wangu wa vifaa haukosi kipande cha soksi.

Ukiweza, panga mapumziko yako yasiangukie Jumapili, kwa kuwa siku hiyo Moshi iko kanisani, na fundi, duka la vipuri na duka la kubadilishia fedha vyote vinaweza kuwa vimefungwa.

Mchana lala. Ninajua si rahisi kulala ukiwa ugenini, na hasa ukikumbuka nauli ambayo wenzako hulipa ili waje kuuona mlima huo, lakini mchana kilele chake cha Kibo mara nyingi hujifunika mawingu, kwa hiyo hukosi kitu. Jioni mawingu yalipoachana nilikiona kilele chote kutoka kibarazani, nikiwa nimeinua miguu juu ya stuli. Kabla ya giza nilizunguka mtaa kwa dakika kumi nikitumia gia nyepesi, ili miguu isiamke ikiwa mizito na pia nihakikishe kwamba fundi amekaza kila nati.

Arusha iko umbali wa takriban kilomita 80, tena juu zaidi. Niliondoka kulipopambazuka, kabla jua na malori hayajashika barabara, nikateremka hadi Kikafu, nikaweka gia nyepesi kuliko zote, na safari hii sikuugusisha mguu chini hadi Boma Ng'ombe.