Swali: Machungwa ni kalori kiduchu tu kwa siku, sasa yanachangia nini kwenye chakula cha taifa?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi wa kilimo, nyumbani kwetu ni Muheza. Naandika ripoti kuhusu mchango wa matunda jamii ya machungwa kwenye chakula cha nchi. Nimefungua jedwali la mizania ya chakula la FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa), nikakuta kalori za machungwa kwa mtu kwa siku ni chache mpaka nikaona aibu kuziandika. Je, mchango wake ni mdogo hivyo kweli? Na zile kilo kwa mtu kwa mwaka ndo tunazokula?

JIBU: Marahaba. Usione aibu, iandike hiyo namba, ila usiiache peke yake, maana ikikaa peke yake inadanganya.

Hizo namba zinapatikana hivi: wanachukua mavuno ya mwaka mzima, wanajumlisha yaliyoingia kutoka nje, wanatoa yaliyouzwa nje, wanarekebisha akiba, alafu wanatoa yaliyopotea kati ya shamba na soko pamoja na yaliyoenda matumizi mengine. Kinachobaki ndo wanaita chakula, wanakigawa kwa idadi ya watu, wanagawa tena kwa siku 365. Jedwali kuu linakuonyesha kalori, protini na mafuta. Sasa chungwa huko kote halina kitu, sio kwamba halina faida, ni kwamba unalipima kwa mizani ya mahindi.

Chukua kalkuleta tufanye mfano (namba ya kuanzia ni ya kwangu, wewe utaweka ya kwako). Tuseme nchi ina kilo 10 za machungwa kwa mtu kwa mwaka. Gramu 10,000 gawa kwa 365 unapata kama gramu 27 kwa siku. Toa maganda na mbegu, zinabaki gramu 20 hivi za kuliwa. Nyama ya chungwa ina kama kalori 47 kwa kila gramu 100, kwahiyo hapo una kalori 9 tu, na kama mtu anapata kalori 2,300 kwa siku basi chungwa limechangia asilimia 0.4, yaani hata nusu asilimia halifiki. Hapo ndo ulipokwama wewe. Lakini endelea mbele kidogo: gramu 100 za chungwa zina kama miligramu 53 za vitamini C, kwahiyo zile gramu 20 zinakupa miligramu 10 na ushee. Mtu mzima FAO na WHO wanamshauri apate miligramu 45 kwa siku. Tunda lile lile, kilo zile zile, kwenye kalori ni chini ya nusu asilimia, kwenye vitamini C ni karibu robo ya mahitaji! Hiyo ndo jedwali lako la pili, na ukiziweka hizo namba mbili pamoja msomaji ataelewa bila kuhubiriwa.

Na vitamini C sio ya mafua tu kama watu wanavyodhani. Inasaidia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani, ambayo yenyewe yanafyonzwa kwa shida. Sahani ya ugali maharage na chungwa pembeni sio sahani ile ile bila chungwa, na kwa mama mjamzito hiyo tofauti mimi naiona kubwa sana. Mabaharia wa Vasco da Gama waliporudi kutoka India Januari 1499 wakiwa hoi kwa kiseyeye (ugonjwa wa kukosa vitamini C), walipofika Malindi kitu walichokitamani kwa ajili ya wagonjwa ni machungwa, ingawa wengi walishachelewa.

Swali lako la pili: hapana, zile sio kilo tulizokula, ni kilo zilizopatikana kwa ajili ya kuliwa. Wewe wa Muheza hili unalijua kuliko mimi. Lori likijaza machungwa likavuka Horohoro kwenda Mombasa, na mzigo usipoandikwa wote, kwenye makaratasi yale machungwa yameliwa Tanzania wakati yameliwa Kenya, kwahiyo namba yetu inavimba na ya wenzetu inapungua. Mchungwa wa uani ambao watoto wanauchuma wenyewe nao mara nyingi hakuna aliyeuhesabu. Alafu upotevu unaotolewa unaishia sokoni, yakiozea jikoni kwako jedwali linahesabu umekula. Na juisi inarudishwa kwenye uzito wa tunda, lita moja inahitaji kama kilo 2 za machungwa, kwahiyo nchi inayoagiza juisi nyingi inaweza kuonekana inakula machungwa mengi bila kumenya hata moja.

Angalia na majina. Machungwa wameyaweka kapu moja na machenza, madanzi nayo wanayahesabu humo humo kwenye machungwa. Ndimu na malimau kapu lao, mabalungi na mafurungu kapu lao. Ukitaka jumla ya jamii nzima jumlisha makapu yote, usichukue la kwanza ukaondoka.

Kitu kinachonisumbua zaidi kwenye wastani wa mwaka ni msimu. Zile kilo 10 zikija zote ndani ya miezi minne katikati ya mwaka, mtu anapata kama miligramu 32 za vitamini C kwa siku kwa miezi hiyo, inayobaki ni sifuri, na mwili hauwezi kuweka akiba ya vitamini C ya kukaa muda mrefu hivyo, ndani ya mwezi mmoja mpaka mitatu bila kupata kabisa dalili za kiseyeye zinaanza. Kinachotuokoa ni kwamba maembe yanaingia mwisho wa mwaka, papai zipo, mapera yenye vitamini C zaidi ya mara nne ya chungwa yapo, hata viazi vitamu na mihogo inachangia kwa sababu tunaila kwa wingi, japo moto unapunguza. Kwenye ripoti yako weka kalenda ya matunda ya Tanga, mwezi kwa mwezi, naamini itakuwa na maana kuliko wastani wowote.

Mwisho, ukichora chati ya miaka mingi kuwa makini: FAO walibadilisha njia ya kukokotoa, data za zamani zinaishia 2013 na mpya zinaanzia 2010. Usiziunganishe kama kamba moja, mstari unaweza kuruka au kushuka ghafla ukadhani kuna kitu kimetokea mashambani kumbe kimetokea kwenye hesabu.