Mpangaji wa baa ya kijijini Uingereza na bia ya mwenye jengo
Je, ukikodi baa ya kijijini Uingereza, ni lazima bia ununue kwa mwenye jengo? Inategemea mkataba. Ukikodi kwa masharti ya kufungwa, yaani mkataba unaokufunga kununua kwa mwenye jengo, ndiyo, bia utanunua kwa kampuni yenye jengo, na bei yake mara nyingi iko juu ya soko. Lakini tangu 2016 kuna kanuni, Pubs Code, zinazobana kampuni zenye baa za namna hiyo 500 au zaidi England na Wales: kodi ya pango inapopitiwa upya au mkataba unapohuishwa, unaweza kudai ulipe pango la kiwango cha soko tu na bia ununue popote. Kampuni ndogo hazimo. Na tafadhali, kabla ya kusaini soma kifungu cha matengenezo. Mikataba mingi mirefu humtwika mpangaji paa, mabomba, kila kitu, na majengo yale ni ya kale.