Fundi Anajibu: Volti Iliyotulia Kwenye Amplifaya ya Valvu

SWALI: Salaam kwenu mafundi. Nina amplifaya ya stereo niliyoiunga mwenyewe kutoka seti ya vipuri: valvu ya EL84 moja kila upande ya kusukuma spika, na valvu mbili za ECC83 mbele za kukuza ishara ndogo. Jioni umeme unashuka, usiku wa manane unapanda, na sauti nayo inabadilika. Nataka kutuliza B+ yote (volti kuu ya DC inayolisha valvu), ambayo ni 285 V. Nianzie wapi? *Msomaji, Ngamiani, Tanga*

JIBU: B+ yote iache. EL84 mbili na ECC83 zake zinakula zaidi ya 100 mA, na regyuleta (saketi ya kutuliza volti) ya kubeba mzigo huo inataka bati kubwa la kupoozea ambalo chasisi nyingi za seti hazina pa kuliweka. Tena hakuna sababu. Kwenye pentodi, yaani valvu kama EL84, mkondo wa anodi unafuata zaidi volti ya skrini, yaani gridi ya pili, kuliko volti ya anodi yenyewe. Ukiituliza skrini umeituliza valvu. Muziki ukiwa kimya, skrini ya EL84 inavuta kama 5.5 mA, kwa hiyo mbili ni 11 mA, na muziki ukipanda zidisha mara mbili hivi. Huo ni mzigo mdogo.

Kabla pasi ya kuchomelea haijapata moto, soma lebo ya transfoma. Seti nyingi zinakuja na transfoma ya 220 V. Ukiichomeka kwenye 240 V, kila kitu kinapanda asilimia 9: hiteri (waya wa kupasha valvu moto) ya 6.3 V inakuwa 6.9 V na valvu zinazeeka kabla ya wakati. Dawa ya bei nafuu ni transfoma ndogo ya 12 V, 1 A. Upande wake wa 230 V uunge kwenye umeme wa ukutani, na ule wa 12 V uunge kwa mfuatano na transfoma ya amplifaya, kinyume, ili upunguze. Pima kabla ya kuunganisha amplifaya: ukiona 252 badala ya 228, geuza nyaya mbili za upande wa 12 V.

Angalia pia skrini zako zimeungwa wapi. Kama waya wa skrini unaingia kwenye transfoma ya spika, au umefungwa pamoja na anodi, mpango huu haukuhusu.

Sasa regyuleta. Chagua volti ya skrini kwa kuhesabu siku mbaya, siyo siku nzuri. Umeme wa 230 ukishuka hadi 207, B+ yako inakuwa kama 256 V. Aliyelenga 250 V amebaki na volti 6 tu, na mvumo unapita moja kwa moja. Lenga 220 V: zena (dayodi za kushikilia volti) mbili za 100 V (1N4764A) na moja ya 20 V (1N4747A), zikifuatana, pete ikitazama chanya. Zilishe kutoka B+ kwa rezista ya 33 kΩ, 1 W; zitapata kama 2 mA. Sambamba na mnyororo wote wa zena weka kapasita ya 10 µF, 400 V, maana zena za volti kubwa zina kelele za kuchemka.

Makutano ya rezista na zena yapeleke kwenye geti (mguu wa kuamrisha) ya mosfeti IRF830, transista ya nguvu, kupitia rezista ya 1 kΩ iliyochomewa kwenye mguu wenyewe wa geti, siyo sentimita tano mbali. Ukiiweka mbali, mosfeti inaweza kuimba masafa usiyoyasikia huku ikichemka. Dreni, mguu wa kuingizia mkondo, inakwenda B+ kupitia 100 Ω, 1 W. Kati ya geti na sosi (mguu wa kutolea) weka zena ya 15 V, pete upande wa geti. Bila hiyo, siku skrini ikigusa chasisi mosfeti imekufa. Sosi ndiyo inayolisha skrini zote mbili, kila moja kupitia 100 Ω yake. Usishangae ukipima 216 V: zile volti nne zinabaki kati ya geti na sosi.

Mgongo wa chuma wa IRF830 ni dreni, una 285 V. Weka maika (kipande chembamba cha kuzuia umeme), bushi ya plastiki kwenye skrubu na mafuta ya kupoozea, kisha pima ukinzani kati ya mgongo na chasisi kabla ya kuwasha. Kwa hewa ya chumvi ya Tanga, futa vumbi pembezoni mwa maika. Vumbi lenye unyevu linapitisha umeme.

Kabla ya kugusa chochote ndani, chomoa waya, mwaga kapasita kwa rezista ya 10 kΩ, 5 W, na upime mpaka isomeke chini ya 10 V.

Ukimaliza, pima volti ya kathodi ya kila EL84. Kwa rezista ya kathodi ya 135 Ω, 6.1 V ni 45 mA. Toa 5 za skrini, zidisha na volti kati ya anodi na kathodi. Jibu ni wati za anodi; usivuke 12 W.

SWALI: Nimeweka LM317 (chipu ya kutuliza volti) kwenye hiteri za ECC83 mbili nikitumia nyaya zilezile za 6.3 V za transfoma. Napata volti 5 na mvumo umezidi. *Msomaji, Chumbageni*

JIBU: Hesabu haitoshi. Kilele cha 6.3 V ni 8.9. Daraja la dayodi linakula karibu 1.8, na kapasita ya 4,700 µF kwa 0.6 A inabonyea zaidi ya volti moja. Unabaki na kama 5.8 mabondeni, nayo LM317 inataka volti 2 hivi juu ya inachotoa. Tumia transfoma ya pembeni ya 9 V, 1.5 A. Rezista ya 240 Ω juu, na chini 1 kΩ sambamba na 33 kΩ: utapata 6.3 V. Bati dogo la kupoozea ni lazima.

SWALI: Taa yangu ya 0A2, ile ya gesi ya kutuliza volti, inawaka na kuzima kama indiketa ya pikipiki. *Msomaji, Raskazone*

JIBU: Bila shaka umeweka kapasita kubwa sambamba nayo. Inajaa mpaka taa inawaka, taa inaimwaga na kuzimika, mzunguko unaanza upya. Kapasita ya sambamba isizidi 0.1 µF. Ile kubwa ihamishie mbele, baada ya rezista ya 10 kΩ ya hatua inayofuata, na hakikisha 0A2 inapata kati ya 5 na 30 mA.